Kombe la Davis: mwenyeji anapochagua uwanja, na Dodoma tunaingiaje hapo

#1 Mwana wa Mlimwa (mtoa mada)

Wakuu, salaam kutoka makao makuu ya nchi.

Humu jukwaani tenisi huzungumzwa siku Sinner na Alcaraz wanapokutana fainali, kesho yake imesahaulika. Naomba leo tukae na Kombe la Davis, mashindano ya timu za taifa za wanaume. Lina jambo moja ambalo sisi wa nchi zisizo na majina makubwa tunalipita kila mwaka bila kuliona.

Kwa wasiolijua: mwaka 1900 mwanafunzi wa Harvard, Dwight Davis, alinunua bakuli la fedha lenye uzito wa wakia 217, Wamarekani wakawaalika Waingereza waje kulishindania. Wageni wakavuka bahari, wakafika klabu ya Longwood pale Boston, wakapigwa 3-0. Malalamiko yao ndiyo yanayonivutia. Herbert Roper Barrett, mmoja wa waliosafiri, alisema nyasi zilikuwa ndefu, wavu umelegea, mipira laini mno. Yaani katika pambano la kwanza kabisa la kombe hili (pambano ni mechi zote za nchi mbili zinapokutana), mwenyeji alikuwa ameshaanza kushinda kabla hajapiga mpira.

Tangu siku hiyo huo ndio uhai wa Kombe la Davis. Nchi mbili zikipangwa, moja inakuwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayechagua mji na aina ya uwanja: udongo, nyasi au zege, wa nje au wa ndani. Mkikutana tena, zamu ni ya yule aliyesafiri mara iliyopita. Wimbledon ni nyasi kwa kila mtu, Roland Garros ni udongo kwa kila mtu. Huku unamkaribisha bingwa wa dunia kwako, unampa uwanja anaouchukia, mbele ya watu wanaoimba kwa lugha asiyoielewa. Mwaka 1967 Marekani walikwenda Guayaquil na Arthur Ashe, Ecuador ikawatoa 3-2 juu ya udongo. Kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja, jambo kama hilo ungelisubiri miaka.

Hata ule uwanja wa Roland Garros tunaouona kwenye runinga kila mwezi wa tano ulizaliwa na kombe hili. Wafaransa walilichukua kule Philadelphia mwaka 1927, wakawakuta Wamarekani wamekaa nalo miaka saba mfululizo. Kwa kuwa bingwa ndiye aliyekuwa anatetea nyumbani, Paris haikuwa na uwanja wa kutosha watu. Wakaujenga, ukawa tayari 1928, wakautetea ubingwa humo humo mpaka 1932. Kwanza wakapata kitu cha kutetea, ndipo wakajenga.

Sasa turudi kwetu. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Sheria za tenisi zina mipira maalumu ya viwanja vilivyo juu zaidi ya mita 1,219. Arusha wanauvuka mstari huo, sisi tuko chini yake kidogo tu. Maana yake Dodoma unacheza na mpira uleule wa Dar es Salaam, lakini hewa yetu ni nyepesi na kavu, kwa hiyo mpira unakimbia na kuruka kuliko pwani. Nimeona vijana wazuri kutoka Dar wakija hapa: siku ya kwanza kila mpira wanaopiga kwa nguvu zao za kawaida unapita mstari wa nyuma. Siku ya pili wanaanza kupiga kwa woga, na mpira wa woga unaishia kwenye wavu. Ongeza upepo wa mwezi wa nane. Bolivia wamewapandisha wageni La Paz, Ecuador wamewapandisha Quito, kwa hesabu hiyohiyo.

Ndiyo maana kilichotokea mwaka 2018 kiliniuma na bado kinaniuma. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilipiga kura Orlando, asilimia 71 wakakubali mpango wa kampuni ya Kosmos ya Gerard Piqué, beki wa Barcelona, iliyoahidi dola bilioni 3 kwa miaka 25. Fainali zikakusanywa: nchi 18, wiki moja, Madrid 2019. Seti tano zikawa tatu, mechi tano za pambano zikawa tatu. Miaka 25 haikufika hata mitano, Januari 2023 mkataba ukavunjika. Pesa ziliondoka, lakini fainali bado zinachezwa kwenye mji mmoja.

Msimamo wangu: Kombe la Davis bila nyumbani na ugenini ni bonanza. Na nchi kama yetu, kama kweli tunataka kupanda, tuanze na swali la uwanja gani tutampokelea mgeni, sio na swali la nani atakuwa Djokovic wetu.

Karibuni.

#2 Fundi Kamba Majengo

Mtoa mada umegusa kazi yangu. Mimi nafunga kamba za raketi, na hilo la hewa naliona kwenye mashine kila wiki.

Raketi nyingi zinazoniletea zina kamba 16 za kusimama na 19 za kulala. Mteja akitoka Dar ananiambia "nifungie paundi 50 kama kawaida yangu." Namfungia. Baada ya siku mbili anarudi, anasema raketi imekuwa manati. Sio raketi, ni Dodoma. Namwongezea paundi mbili au tatu, kamba inakaza, mpira unatulia. Wenyeji wameshajua, hawaniulizi.

Tena kuna vumbi. Hapa chembe za udongo mwekundu zinaingia pale kamba zinapokatana, kila mpira ukipigwa kamba zinasuguana na zile chembe kama msasa. Ukiitazama raketi ya mtu wa hapa kwa karibu, kwenye makutano ya katikati utaona kamba imelika upande mmoja, imebaki nusu. Mgeni asiyejua kuifuta raketi kila gemu mbili atakatikiwa katikati ya seti.

Kwa hiyo nakubaliana, tukiwa wenyeji siku moja, Dodoma ina faida zake. Tatizo ni nani atacheza.

#3 Bahi Road

Mkuu Mwana wa Mlimwa, kwa heshima zote: tenisi ni mchezo wa wenye nacho. Raketi moja nzuri ni mshahara wa mtu. Mkebe wa mipira mitatu ukifunguliwa, baada ya wiki umekwisha nguvu. Vijana wetu wa Nkuhungu na Chang'ombe mpira wa miguu wa shilingi elfu kadhaa unawatosha watu 22. Unatuletea habari za Paris na La Paz kutusaidia nini?

Na hiyo habari ya kuwa mwenyeji, kuna klabu moja mjini hapa mdogo wangu alifukuzwa getini na raketi yake mkononi, akaambiwa ni ya wanachama. Uwanja ulikuwa mtupu kutwa nzima. Tuanzie hapo.

#4 Mwana wa Mlimwa

Bahi Road, hilo la getini linaniudhi kama linavyokuudhi. Uwanja mtupu wenye kufuli ni dhambi kwa mchezo.

Lakini hesabu ya Kombe la Davis ni tofauti na unavyoichukulia. Nchi zaidi ya 150 zinaingia. Juu kabisa wako kina Italia, chini kuna ngazi: Kundi la Dunia la kwanza na la pili, halafu makundi ya mabara. Afrika tunayo la tatu, la nne na la tano. Huko chini hakuna kusafiri nchi kwa nchi. Timu zote zinakusanywa mji mmoja kwa siku chache, kila pambano ni mechi mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Ukimaliza juu unapanda.

Mechi tatu. Watu wawili wenye afya njema wanaweza kuzicheza zote. Niambie ni mchezo gani mwingine wa timu ambao taifa linaweza kupanda daraja likiwa na watu wawili wazuri, wa tatu wa kuwapumzisha, na nahodha anayejua kukaa nao. Soka inataka 11 na benchi. Sisi hatuhitaji vijana 500 wenye raketi za mshahara wa mtu. Tunahitaji wachache waliocheza sana, pamoja, mahali pamoja.

Halafu nahodha. Miaka mingi wachezaji wa mashindano ya kawaida walikatazwa kabisa kuongea na makocha wao katikati ya mechi. Kombe la Davis nahodha anakaa kwenye kiti pale uwanjani, mchezaji akija kupumzika anampa taulo, maji na neno. Kijana wa miaka 18 ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi anahitaji sana lile neno.

#5 Mzee wa Kongwa

Vijana mmeandika vizuri. Mimi nataka kuongeza jambo moja ambalo naona hakuna aliyeligusa, nalo linahusu mwaka 1974.

Bara letu lina nchi moja tu kwenye orodha ya mabingwa wa kombe hilo, Afrika Kusini, mwaka 1974. Hawakupiga mpira hata mmoja kwenye fainali. Waliopangwa kukutana nao ni India, na India ilikuwa na timu nzuri sana, ndugu wawili, Vijay na Anand Amritraj. Walikuwa na nafasi ya kweli ya kulichukua. Serikali ya India ikasema hatuchezi na utawala wa ubaguzi wa rangi. Kombe likaenda Afrika Kusini bila mechi.

Kabla ya hapo, mwaka 1970, Afrika Kusini ilikuwa imefukuzwa kwenye mashindano baada ya kumnyima viza Arthur Ashe, huyohuyo mliyemtaja, kwa kuwa ni mweusi. Wakarudishwa 1973.

Mnajua kwa nini nalisema hili kutoka Kongwa? Kwa sababu hapa kwetu, kwenye majengo yaliyoachwa na Waingereza wa mradi wa karanga, tangu mwaka 1964 walikaa wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Nilikuwa mtoto. Tuliwaona wakija sokoni kununua mahitaji, wanajifunza Kiswahili kwa mama zetu, wengine wakaoa hapa. Kwa hiyo habari ya India ilipotufikia, kwetu haikuwa habari ya mchezo wa mbali. Wale ndugu wawili waliacha kitu ambacho mchezaji hukipata mara moja maishani, na waliacha kwa ajili ya watu tuliokuwa tunawapa uji.

Mtu akiniuliza nani bingwa wa 1974, najua nitamjibu nini.

#6 Binti wa Mpwapwa

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Shuleni tulifundishwa Kongwa na karanga, lakini haya ya kombe sikuyajua. Mwaka 1976 Tanzania nasi hatukwenda Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya Afrika Kusini, na Filbert Bayi alikuwa kwenye ubora wake. Naona ni maumivu ya aina moja.

Mtoa mada, swali langu: wanawake hawana la kwao?

#7 Mzee wa Kongwa

Marahaba binti yangu. Umesema kweli kuhusu Bayi.

#8 Mwana wa Mlimwa

Shikamoo mzee wangu. Asante sana. Naomba usiondoke kwenye uzi huu.

Dada Binti wa Mpwapwa, lipo. Lilianza 1963 kama Kombe la Shirikisho, tangu 2020 linaitwa Kombe la Billie Jean King. Ngazi zake zinafanana na hizi. Linastahili uzi wake, ukiuanzisha nitakuja.

Na kwa wanaopenda mitumba: ukiona fulana yenye mamba kifuani pale Sabasaba, asili yake iko kwenye kombe hili. René Lacoste alikuwa mmoja wa wale Wafaransa wanne waliolichukua mwaka 1927. Walipokuwa Boston na timu, nahodha aliahidi kumnunulia sanduku la ngozi ya mamba akishinda mechi. Hakushinda, lakini magazeti yakambandika jina la Mamba, naye akaja kulishona kwenye nguo.

#9 Msema Kweli wa Kisasa

Nimefuatilia kimya, sasa niseme. Mtoa mada unawaonea waliobadilisha mfumo.

Zamani pambano lilikuwa siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, seti tano, mara nne kwa mwaka. Mchezaji anatoka Australian Open juu ya zege, wiki inayofuata anapelekwa bara jingine kwenye udongo, kisha arudi kwenye zege. Mwaka 1987 pale Hartford, Becker na McEnroe walicheza zaidi ya saa sita, seti ya pili peke yake iliisha 15-13. Mwaka 2013 pale Geneva, mechi ya wawili wawili kati ya Wacheki na Waswisi ilichukua zaidi ya saa saba. Mwili wa binadamu una mwisho. Mastaa wakawa wanakataa kuitwa, kombe likabaki na wachezaji wa pili. Ilibidi kitu kifanyike.

Pia hiyo nyumbani unayoisifu haifungi mabao. Novemba 2024 fainali zilikuwa Málaga, Hispania nyumbani kabisa, Nadal anaagwa, uwanja mzima unalia kwa ajili yake. Van de Zandschulp wa Uholanzi akampiga 6-4, 6-4 na Hispania ikatolewa. Na mwaka 2016 Argentina walichukua kombe wakiwa ugenini mapambano yote manne: Poland, Italia, Uingereza, na fainali Zagreb. Sasa nyumbani iko wapi hapo?

#10 Mwana wa Mlimwa

Msema Kweli, umeleta hoja za maana, nakujibu moja moja.

Uchovu ni wa kweli. Kupunguza seti kutoka tano hadi tatu sikukatai, na wachezaji wenyewe waliomba. Ila seti na nyumbani ni vitu viwili. Ungeweza kufupisha mechi na bado ukamwacha mwenyeji awe mwenyeji. Ushahidi ni kwamba ndiko wanakorudi wenyewe: tangu 2025 raundi mbili za mchujo zinachezwa nyumbani na ugenini, Februari na Septemba, ndipo timu nane zinakwenda kwenye fainali.

Argentina umenisaidia wewe mwenyewe. Walishapoteza fainali nne kabla ya hapo, mmoja wapo mwaka 2008 wakiwa kwao Mar del Plata. Pale Zagreb walikuwa nyuma 2-1, del Potro yuko chini seti mbili kwa bila mbele ya Čilić, ukumbi wote ni Wakroatia, na kule juu kona moja kuna Waargentina waliouza vitu vyao kununua tiketi za ndege. Akashinda 7-5, 6-4, 6-3 na kidole kimevunjika. Delbonis akaingia akamaliza na Karlović. Hebu ichukue mechi hiyohiyo uipeleke uwanja wa katikati usio wa mtu, robo ya viti vitupu. Matokeo yatabaki, lakini kilichofanya watu wa Buenos Aires walale barabarani kwa furaha hakitakuwepo. Ushindi wa ugenini unakuwa mkubwa kwa sababu ugenini upo.

Na kama unataka nyumbani iliyofunga mabao, angalia Bologna, Novemba 2025. Italia hawana Sinner, hawana Musetti. Nusu fainali Flavio Cobolli na Zizou Bergs wa Ubelgiji wanaingia taibreki ya seti ya tatu, ile gemu ya kuamua seti ikiwa sare 6-6. Bergs anapata pointi za kumaliza mechi, moja, mbili, mpaka saba, na zote zinamponyoka. Taibreki inaisha 17-15. Nilikuwa nimesimama mbele ya runinga, siwezi kukaa. Kila Cobolli alipookoa, ule ukumbi ulimchukua. Fainali na Hispania akapoteza seti ya kwanza 6-1 kwa Munar, akageuza, 7-6, 7-5. Kombe la tatu mfululizo. Bergs ni mchezaji mzuri, na usiku ule angekuwa Brussels sidhani kama angelia vile.

#11 Msema Kweli wa Kisasa

Hiyo ya Bologna naikubali. Ila umekwepa Nadal.

#12 Mwana wa Mlimwa

Sijamkwepa. Nadal alikuwa anaagwa, mwili umekwisha. Nyumbani inamwongezea mtu alichonacho, haimpi asichonacho. Nitarudia hilo tukifika kwa vijana wetu.

#13 Mpare wa Area C

Wakuu mnasahau Zimbabwe. Aprili 1998, Kundi la Dunia, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa la juu kabisa, Australia wanawaalika Zimbabwe mji wa Mildura. Waaustralia wakachagua nyasi, uwanja wa baba zao, nchi ambayo mpaka leo ina makombe 28. Zimbabwe wakawapiga 3-2 pale pale.

Wengi walidhani ni bahati. Haikuwa bahati. Kina Black, Byron na mdogo wake Wayne, walikulia shambani nje ya Harare ambako baba yao aliwajengea viwanja vya nyasi nyumbani. Dada yao Cara naye akatokea pale pale akawa bingwa wa dunia wa wawili wawili. Kwa hiyo Australia walipochagua nyasi waliwachagulia uwanja wa utotoni. Familia moja, shamba moja, Australia iko nje.

Mimi nimeishi Harare miaka ya nyuma kikazi, watu wa huko bado wanaisimulia Mildura kama sisi tunavyosimulia Taifa Stars kufuzu mwaka 1980.

#14 Fundi Kamba Majengo

Mpare, hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote za uzi huu. Mzee mmoja alijenga uwanja nyuma ya nyumba.

#15 Mwalimu wa Chamwino

Habari zenu wote. Nimevutiwa na mwelekeo wa mazungumzo kwa sababu mimi ninao uwanja. Niseme ukweli ulivyo ili mjue tunazungumzia nini.

Shuleni kwetu tulisafisha eneo, tukalishindilia kwa ngoma ya zege iliyojazwa mawe. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77, upana wa mita 10.97 kwa wawili wawili. Tuliupanga urefu kaskazini kwenda kusini ili jua la jioni lisimpige mtu machoni. Hapo ndipo tulipokutana na upepo. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki, kwa hiyo unakata uwanja kwa ubavu siku nzima. Mtoto anarusha mpira juu aanzishe, mpira unasogea nusu hatua kushoto kabla hajaupiga. Mwanzoni walikuwa wanalia. Sasa kuna msichana wa kidato cha pili anaurusha makusudi upande wa upepo, anaungoja urudi, anaupiga ukiwa umeshafika anapotaka. Hakuna aliyemfundisha.

Mistari tunachora kwa chokaa, ikifika saa 5 asubuhi imeshapeperuka. Tulihamia kwenye kamba za katani zilizopigwa misumari mirefu. Wavu ni wa kuvulia samaki tuliopewa, katikati tunaupima kwa fimbo ya sentimita 91. Raketi tunazo chache, mipira imekwisha manyoya. Lakini tunacheza.

Masika hatuchezi kabisa, udongo unanata. Kuanzia mwezi wa tano tunaanza tena.

Bahi Road, mdogo wako aliyefukuzwa getini, kama anaweza kupanda daladala mpaka huku Jumamosi, hakuna geti.

#16 Bahi Road

Mwalimu, asante kutoka moyoni. Nitamleta mwenyewe.

Mwana wa Mlimwa, bado nasema ni mchezo wa gharama. Ila hili la watu wawili limenikaa kichwani. Ile ngoma ya zege mlijaza mawe kiasi gani? Nina eneo mtaani kwetu.

#17 Mwalimu wa Chamwino

Nusu, kisha maji mpaka juu. Ikijaa mawe tupu inagongagonga na kuacha mashimo. Mwageni maji jioni, shindilieni asubuhi kabla udongo haujakauka juu.

#18 Binti wa Mpwapwa

Mwalimu, huyo msichana wa kidato cha pili ana raketi yake?

#19 Mwalimu wa Chamwino

Hana. Anatumia ya shule, imekatika kamba tatu za kulala, tumezifunga kwa mshipi wa kuvulia.

#20 Fundi Kamba Majengo

Mwalimu, itume na dereva yeyote wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi. Nina kamba iliyobaki ya mteja inayotosha raketi moja. Nitaifunga paundi 52, kwa upepo na hewa yenu asipate shida kuushika mpira. Kama kuna nyingine zimekatika, zilete zote kwa pamoja.

#21 Mwana wa Mlimwa

Fundi, Mungu akubariki. Kamba za hizo nyingine nachangia mimi, niambie bei.

Mzee wa Kongwa, kuna anayekumbuka huko kwenu kama kulibaki sakafu yoyote ya zege ya wale watu wa karanga, iliyo tambarare, ya mita 30 kwa 15 hivi? Yale majengo walijenga kwa zege nene.

#22 Mzee wa Kongwa

Zipo. Moja iko karibu na kilipokuwa kituo cha reli, watoto wanachezea gololi. Nitapita kesho kuipima kwa hatua, ila itabidi tuzungumze na uongozi wa kijiji kwanza.